Mausi Aliyonichagulia Tajiri

Mausi yangu ya zamani ilikuwa nene kama andazi lililoumuka vizuri, nyeusi, ina waya mrefu, na kila ukiibonyeza inalia. Ta! Ta! Karakana nzima walikuwa wanajua nipo kazini kwa kelele hiyo. Kilichoiua ni safari. Mbeya kwenda Iringa, Iringa kurudi Mbeya, ndani ya begi, chini ya kompyuta, juu ya kompyuta, waya unakunjwa leo hapa kesho pale, mpaka asubuhi moja nikaichomeka na mshale kwenye kioo ukasimama kama mtu aliyesusa chakula. Nikautikisa waya, ukatembea kidogo. Nikauachia, ukasusa tena.

Kwa mwenye vidole vyake vyote hilo ni jambo dogo. Kuna ile pedi chini ya herufi, unapapasa kwa kidole, maisha yanaendelea. Mimi mkono wangu wa kulia una dole gumba, halafu pengo, halafu kidole cha pete na kile cha mwisho. Cha shahada na cha kati vilibaki kwenye pumba za mbao, huko juu kwenye misitu ya paina, mkoa wa Iringa. Cha pete walikishona. Kipo, kinapendeza ukikiangalia kwa mbali, lakini ni ganzi tupu. Ukikisogeza kwenye moto utakijua kwa harufu. Ile pedi haikitambui kabisa, kwa sababu ngozi yake imekuwa kama kwato.

Watu wakinieleza kwa wengine husema, "Huyu alipata ajali." Mimi sisemi ajali. Mashine ya kupasulia mbao ilikuja na bati la kinga juu ya msumeno. Tajiri, mwenye kiwanda, alilifungua mwenyewe, kwa mkono wake, kwa spana, sisi tumesimama tunamtazama, kwa sababu bati lilikuwa linachelewesha magogo manene. "Tukimaliza haya manene mtalirudisha," alisema. Halikurudi. Lilikwenda kuwa mlango wa banda lake la kuku. Nimeliona kwa macho yangu, kuku wanapita, jogoo amesimama juu yake anawika. Sasa hapo ajali iko wapi? Msumeno haukujivua nguo wenyewe.

Jina lake sitaliandika. Si kwa kumstahi. Ni kwamba yeye mwenyewe anajijua, na aliyewahi kununua mlango wa kuchongwa pale Mbeya anamjua: ndiye yule anayevaa koti la suti ndani ya vumbi la mbao, halafu analalamika kuwa dobi hajui kazi.

Baada ya mkono wangu, kiwanda kule msituni alikifunga, akahamia Mbeya mjini, akanunua mashine ya kuchonga inayoendeshwa kwa kompyuta. Unachora mlango kwenye kompyuta, unaipelekea mashine, inachonga yenyewe ua, simba, mzabibu, chochote. Fidia hakunipa. Alinipa kazi ya kukaa mbele ya kompyuta. "Huyu nimemwokoa mimi," huwaambia wateja, mkono uko begani kwangu. Na mimi nipo hapo hapo, nasikia, natabasamu kwa sababu nina watoto.

Nimeishia darasa la saba. Kuchora nilijifunza kwa kukaa pembeni ya fundi aliyeleta mashine, nikamtazama kama mwizi anavyotazama dirisha. Siku hizi nachora. Simba niliowachora ni wengi kuliko waliopo Ruaha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumzuia mwizi.

Safari za Iringa zinatokana na tabia ya wateja wenyewe. Mtu wa Iringa hakubali kuchorewa mlango kwa simu. Anataka uje nyumbani kwake, ukae sebuleni, ufungue kompyuta, familia nzima iketi nyuma yako. Baba anataka simba, mama anataka waridi, shangazi aliyekuja kusalimia tu naye anataka msalaba upanuke kidogo. Unafuta, unachora, unafuta. Ukitoka hapo umelishwa, umeelewa nani anatawala nyumba ile, na mchoro umekubaliwa na wote. Mimi kazi hiyo naiweza, na ninaipenda. Siku mbili tatu bila kumwona tajiri ni mapumziko ambayo hospitali haiwezi kukuandikia.

Tatizo lilikuwa mtoto wa tajiri. Alirudi kutoka chuo na shahada ya kompyuta na ndevu zilizochongwa vizuri kuliko milango yetu. Si kijana mbaya, na kompyuta anaijua kweli. Ila alikuwa anazitaka safari za Iringa, na baba yake alikuwa anatafuta njia ya kumpa bila kuonekana ananinyang'anya mimi niliyeokolewa.

Njia ikapatikana. Mfanyabiashara mmoja wa Iringa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alipiga simu anataka mlango mkubwa wa mbele na milango ya vyumba vyote. Tajiri akaniita.

"Safari hii ni ya kukupima," alisema. "Mteja mkubwa huyu. Ukirudi na mchoro uliokubaliwa, sawa. Ukirudi mikono mitupu, Iringa anachukua kijana, wewe unabaki hapa kwenye msasa."

Msasa. Kusugua mbao kutwa nzima kwa karatasi ngumu, vumbi linaingia kifuani, na karatasi yenyewe inashikwa kwa vidole ambavyo alishanitoa. Nikamwambia, "Basi nahitaji mausi."

"Mausi?"

"Ile imekufa. Nahitaji ndogo ya safari, ikae kwenye begi bila kuvunjika."

Akafurahi. Alipenda sana kununua vitu vidogo mbele za watu. Tukaenda watatu, yeye, mtoto wake na mimi, mpaka duka moja la vifaa vya kompyuta upande wa Kabwe. Muuzaji alikuwa kijana wa maneno, shati limembana, na alimtambua mwenye pesa kabla hatujavuka kizingiti.

"Karibu bosi! Karibu boss junia! Na mzee, karibu." Mzee ndiyo mimi. Tajiri amenizidi umri, lakini suti inapunguza miaka.

Mausi zilikuwa zimepangwa kwenye kabati la kioo kama sabuni. Kulikuwa na moja yenye umbo la gari dogo, matairi na kila kitu. Kulikuwa na nyingine inawaka rangi zinabadilika kama taa za ukumbi wa harusi.

"Hiyo ni ya gemu, mzee. Ukiishika tu, unahisi."

"Mimi nachora milango."

"Inawaka rangi zote!"

"Ikiwaka, mbao itapungua bei?"

Akacheka cheko la muuzaji, lile lisilofika machoni. Mimi nilikuwa nimeshaiona ninayoitaka, kwenye pembe ya chini, imefunikwa vumbi. Ndogo, lakini ina tumbo. Mgongo wake umevimba, kwa hiyo kiganja kinaweza kuisukuma hata kama vidole havipo. Pande zote mbili sawa, haijakatwa kwa ajili ya mkono wa mtu mzima asiye na kasoro. Na waya wake mfupi unajiviringisha ndani ya kidude kama futi ya fundi seremala: unauvuta, unauachia, unarudi. Hakuna cha kukunjika. Nilijua kabisa, ile pale ndiyo ya safari.

"Nitolee ile."

"Hiyo?" Muuzaji aliniangalia kana kwamba nimeomba kununua ndala alizovaa.

"Ya waya?" tajiri akasema. "Zama hizi?"

"Waya ni ushamba, baba," mtoto wake akasema, macho yako kwenye simu. "Mpe hii hapa."

Hii hapa ilikuwa bapa. Nyembamba kama kipande cha biskuti, nyeupe, inang'aa, ukiitazama ubavuni unaona mstari tu. Haina waya. Ina kidude kidogo kuliko punje ya mahindi unachokichomeka kwenye kompyuta, ndicho kinachozungumza nayo.

"Ahaa! Boss junia anajua vitu!" muuzaji akapiga makofi. "Hii unaiweka hata mfuko wa shati. Nyepesi. Na hailii! Bonyeza, kimyaa. Unaweza kufanya kazi mtoto amelala pembeni."

"Hailii kabisa?"

"Kabisa, mzee!"

"Basi siitaki."

Wakatazamana. Nikawaeleza. Kidole changu cha kubonyezea hakina hisia. Mimi sijui kama nimebonyeza kwa kuhisi, najua kwa kusikia. Ikisema ta, nimebonyeza. Ikikaa kimya, sijui kama nimebonyeza, sijabonyeza, au kidole kimelala tu juu yake kama maiti. Na hiyo ni bapa, mkono wangu hauna cha kushikia. Nikanyoosha mkono waone, ingawa aliyekuwa anahitaji kuuona kuliko wote alikuwa ameutazama kwa miaka bila kuuona.

Tajiri akacheka mpaka koti likatikisika. "Kumbe wewe unachora kwa masikio!"

Basi ikawa kicheko. Muuzaji akacheka kwa sababu mwenye pesa amecheka. Kijana akacheka, akaacha, akacheka tena. Mteja mwingine aliyekuja kununua waya wa chaji naye akacheka, hajui hata nini.

"Niijaribu kwanza," nikasema.

"Ukifungua boksi umenunua, mzee. Utaratibu wa duka."

Tajiri akalipa. Akaiweka mkononi mwangu, mkono ule ule, akasubiri. Nilijua anasubiri nini.

"Asante," nikasema.

Nyumbani mke wangu aliitoa kwenye boksi, akaigeuza, akatafuta mahali pa kufungulia. "Hii ni nini? Poda ya kujipaka?"

"Mausi."

"Nani kaichagua?"

"Tajiri."

Mke wangu ni Mnyakyusa, hana tabia ya kuzunguka maneno. "Alichukua vidole, sasa anachagua na cha kushikia," alisema, akairudisha kwenye boksi na kuendelea kumenya viazi.

Niliijaribu. Usifikiri niliikataa kwa kiburi. Juu ya meza ya kulia niliisukuma kwa mkono wa kulia, ikanikimbia chini ya kiganja kama sabuni iliyolowa. Nilibonyeza sijui nimebonyeza. Nikahamia mkono wa kushoto. Kwa kushoto inakubali, polepole, kama mtu anayejifunza kuandika jina lake. Nikasema basi, nitakwenda na kushoto.

Nikapanda basi la asubuhi. Pale Mafinga tulipishana na malori ya mbao, mbao nyeupe mbichi zimefungwa kwa minyororo, na kama kawaida yangu nikafunga dirisha nisisikie harufu yake. Abiria wa nyuma akaniuliza kama naumwa kichwa. Nikamwambia naumwa vidole. Akaangalia, akafunga na dirisha lake.

Mteja wangu alikuwa anakaa nyuma ya duka lake, mjini kabisa. Ni watu ambao babu zao walitoka pwani zamani, wakapanda mlima na bidhaa zao, wakaoa, wakazaa, siku hizi wanasalimiana Kamwene na wateja kama Mhehe mwingine yeyote. Nilipopita dukani nilimkuta anamalizia na mteja wa saruji. Akanipokea begi, akaniingiza ndani.

Sebuleni alikuwepo mama yake, bibi mwembamba amejifunga ushungi mweupe, anapepeta mchele kwenye ungo hali macho yake yako kwangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi? Nilitazamia kijana."

"Vijana wapo, bibi. Wamenituma mimi."

Akapenda jibu hilo. Akaweka ungo chini, tukaongea habari ya mlango. Mume wake, marehemu, alipojenga nyumba ile aliweka mlango uliotoka kwa wazee wake huko pwani. Juu ya mlango, kwenye ubao wa kichwa, kulikuwa kumechongwa Bismillahi kwa mwandiko wa mkono, mkia wa herufi moja umerefushwa ukazunguka zote kama mkono umekumbatia. Mchwa wakala mlango, wakaanza na kichwa. Kilichobaki ni picha waliyoipiga kabla ubao haujadondoka. Bibi hakutaka herufi zozote za kwenye kompyuta. Alitaka zile zile. Niifuate ile picha kwa mstari, kona kwa kona, yeye akiona.

"Ukiweza hilo," mwanawe akasema, "milango yote unafanya wewe. Usipoweza, hata huo mmoja mama hatakubali, na mimi siwezi kumzidi."

Nikafungua kompyuta. Meza yao ilikuwa ya kioo. Mausi ile ina taa chini, na kwenye kioo taa inapotea, mshale haujui uende wapi. Nikaiweka juu ya kitambaa cha kufuma kilichotandikwa katikati ya meza. Kitambaa chenyewe ni matundu matupu, mshale ukawa unaruka kama chura. Mke wa mwenye nyumba akaleta sinia, likang'aa mno. Mwisho akaleta kibao cha chapati kutoka jikoni, mbao safi, kikavu. Ikakubali.

"Kibao changu," bibi akasema.

"Kitarudi, bibi."

"Chapati zitakuwa zinajua kompyuta." Wakacheka, nami nikacheka, nikaona mambo yamekaa vizuri. Nikafungua ile picha, nikaweka mkono wa kushoto juu ya mausi, nikaanza kufuata herufi ya kwanza.

"Mwanangu," bibi akasema.

"Naam."

"Samahani. Jina la Mungu hilo."

"Nafahamu, bibi."

"Kwa mkono wa kushoto?"

Mwanawe akasema, "Mama, ni kompyuta tu, mashine ndiyo itachonga." Bibi aliniangalia mimi, bila ukali, kama mtu anayekuomba uvue viatu kabla ya kukanyaga mkeka wake. Nimelelewa na bibi wa Kihehe ambaye ukimpa kikombe kwa kushoto anakimwaga. Nilimwelewa kabisa.

Nikautoa mkono wa kulia chini ya meza, nikauweka juu ya kibao cha chapati.

Bibi akaushika, akaugeuza huku na huku, kama anavyogeuza mchele. "Nani kakufanya hivi?"

Si "ilikuwaje". Alisema nani. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikamwambia. Nikamsema wazi: tajiri wangu, mwenye karakana, huyu huyu mnayempa kazi ya milango, alifungua kinga ya msumeno kwa mkono wake, akaipeleka kwenye banda la kuku. Mwanawe akatazama chini. Ni mfanyabiashara, hakupenda kujua.

"Basi jaribu na huu uliobaki," bibi akasema. "Huu ndio wako wa kulia. Mimi sina haraka."

Nikajaribu. Mausi bapa ikateleza. Nikaifuata, ikateleza tena. Nikabonyeza, kimya, nikabonyeza zaidi, kumbe nilikuwa nimebonyeza tangu mwanzo, mstari ukachomoka kwenye herufi ukakata picha nzima mpaka pembeni, kama mtu amepita na panga.

"Astaghfirullah," bibi akasema.

Nikafuta. Nikarudia. Panga tena. Jasho likaanza kunitoka, na Iringa kuna baridi. Simu ikaita. Mtoto wa tajiri.

"Mzee, imekaaje huko? Mshua anauliza. Mimi begi langu nimeshaweka tayari, ukikwama sema tu, usione aibu."

"Nitakupigia," nikasema, nikaikata.

Nilikaa hapo nimekodolea macho kile kibiskuti cheupe juu ya kibao cha chapati. Nilikuwa naona msasa. Naona vumbi. Naona yule mwenye koti ananishika bega mbele ya wateja: huyu nimemwokoa, lakini ndiyo hivyo, uwezo wake umeishia hapo. Na kwenye ule ukimya, kupitia ukutani, upande wa duka, nikasikia.

Ta. Ta-ta. Ta.

"Nani yuko dukani?" nikauliza.

"Binti yangu, anauza," mwenye nyumba akasema.

"Kompyuta ya duka ina mausi?"

"Ipo. Lakini hiyo ni mbovu, ya siku nyingi, imejaa saruji."

"Inalia?"

"Inalia mno. Tumeshindwa kuibadilisha tu."

"Niazime."

Alitoka, akarudi ameishika kwa waya kama mtu aliyemshika panya kwa mkia. Ilikuwa ya njano kwa uzee, ina rangi nyekundu ya mabati upande mmoja, saruji imekauka kwenye mifereji yake. Nene mgongoni. Nikaichomeka, nikaifunika kwa kiganja, nikaegemeza kidole cha pete. Ta! Nikasikia utosini.

Sikuinua tena kichwa. Nilifuata ile picha kama ninavyofuata njia ya kwetu. Ta, kona. Ta, kona. Bibi alisogeza kiti chake mpaka bega lake likagusa langu. "Hapo panene kidogo," anasema. "Hapo mchongaji alipunguza, ubao ulikuwa na jicho la tawi." Ule mkia mrefu ulitusumbua, nikaufuta mara nyingi, na kila nikiufuta bibi anasema, "Taratibu, haukimbii." Adhana ya alasiri ikaita, akaenda kuswali, nikamsubiri, aliporudi akaketi pale pale, tukaendelea. Tulipofunga herufi ya mwisho alitazama kioo cha kompyuta muda mrefu. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Huyu huyu," alisema. "Na ya vyumba huyu huyu. Wakileta mwingine, mtamrudisha."

"Nimesikia, mama."

"Mwambie na yule mwenye kuku."

Kesho yake kabla ya basi nilipita sokoni. Mama mmoja alikuwa na meza ya chaji, redio na takataka za kompyuta, na yeye hakuwa na utaratibu wa boksi. "Jaribu zote baba, zikivunjika zilikuwa mbovu." Nikazijaribu nimefumba macho, naweka kiganja, nabonyeza, nasikiliza, naweka nyingine.

"Unachagua kama mtu anayechagua nazi," akasema.

"Ndivyo zinavyochaguliwa," nikamjibu. Nikaipata dada yake na ile niliyokataliwa Mbeya: ndogo, ina tumbo, pande sawa, waya wa kujiviringisha, na sauti kama ulimi wa mwanamke anayemsindikiza bibi harusi kwa vigelegele. Nikainunua kwa pesa yangu, na hakuna mtu niliyemwambia asante isipokuwa yule mama.

Nilipofika karakana tajiri alikuwa amesimama katikati ya mafundi, koti kama kawaida. Mteja wa Iringa alikuwa ameshampigia, anajua mchoro umekubaliwa, na maneno ya bibi ameyapata, sijui yote au nusu. Alikuwa amechagua kufurahi.

"Si nilisema! Mausi nzuri, kazi nzuri."

Nikaitoa ile bapa, nikaiweka juu ya meza yake ya pale karakanani, karibu na kompyuta yake. "Nairudisha. Mchoro sikuchora na hii."

"Ina nini?"

"Ijaribu."

Akakaa, akaichomeka, akaishika. Mshale ukatembea kama maji. Akafungua picha, akafunga, akabonyeza kimya kimya. Mtoto wake akasogea. "Mbona iko safi?" tajiri akasema. "Tatizo lako wewe hupendi vitu vya kisasa."

"Kunja hivi viwili," nikasema. Nikamwonyesha, cha shahada na cha kati.

"Nini?"

"Kunja. Halafu jaribu."

Mafundi wa msasa waliacha kusugua. Angeweza kukataa, ndiye mwenye meza, mwenye mausi na mwenye karakana. Sijui kwa nini hakukataa. Labda kwa sababu watu walikuwa wanatazama na alizoea kushinda mbele za watu. Akakunja vile vidole viwili, akaweka kilichobaki juu ya mausi. Ikateleza. Akaikandamiza, ikateleza kwa upande. Akajaribu kubonyeza kwa kidole cha pete, akaniangalia kujua kama amebonyeza. Mimi nikamwangalia tu. Akaisukuma tena, ikavuka ukingo wa meza ikaanguka kwenye pumba.

Mtoto wake akainama kuiokota. Hakuna aliyecheka, na nilishangaa, maana kama kuna siku ambayo ningewaruhusu ni hiyo.

Tajiri alikuwa bado amekunja vidole. Alikuwa anavitazama. Pole hakunipa siku ile ya msumeno, na siku hii vilevile hakunipa. Alivikunjua, akavuta mikono ya koti.

"Iringa endelea wewe," alisema.

"Na lile bati," nikasema, "bado liko kwenye banda?"

Akainuka kuelekea ofisini, akasema, "Kuku nilishauza."

Nikaenda kwenye kompyuta yangu, nikavuta waya, nikachomeka, nikaanza na mlango wa chumba cha bibi. Ta. Nikaibonyeza kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitaji, asikie mpaka ofisini kwake.